Vukuta, Msanii: Mwongozo kwa Aliyekwama Sumbawanga

Mwongozo huu ni wa msanii wa Ufipa aliyeitolea macho karatasi nyeupe tangu mahindi yalipokuwa machanga, na sasa mahindi yamevunwa, yamepukuchuliwa, yamepimwa na kuuzwa, karatasi bado nyeupe. Ni wako wewe mtunzi wa kwaya, mchora mabango, mshairi, mshereheshaji wa harusi, dada unayefinyanga vyungu, na kijana unayerekodi kwa simu chumbani Chanji huku mvua ikipiga bati. Nitakusema kidogo, kwa sababu kipaji chako nakiheshimu na visingizio vyako navijua kwa majina.

Tuvizike hivyo visingizio kwanza. Baridi? Ndiyo, mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Juni hauna huruma. Vaa koti. Umeme umekatika? Chora mchana. Wasanii wote wako Dar es Salaam? Dar es Salaam pia imejaa wasanii waliokwama, tena wanalipa kodi ya chumba kubwa kuliko yako. Watani wetu husema Sumbawanga ina dawa ya kila jambo. Ya kukwama haipo, na atakayekuuzia anakula hela yako ya rangi.

Kinabaki kisingizio kikuu, kile unachokitamka kwa sauti ya mgonjwa: "Sina mudi."

Huyo mudi unayemsubiri, nakuomba umwache aje akukute kazini. Panda gari uende vijijini, Nkasi au kokote Ufipa ambako mabaki ya matanuru ya chuma bado yamesimama, ukae chini uyatazame vizuri. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na ndiyo ndefu kuliko zote.

Tanuru kubwa la Wafipa liliitwa ilungu. Yakiwa mengi, malungu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likapanda kufikia mita 3 hivi, na chini likaachiwa matundu kuzunguka pande zote. Likajazwa mkaa na mawe ya chuma, likawashwa, na hakuna aliyevukuta. Urefu wake wenyewe ulivuta hewa kutoka chini, moto ukajiendesha usiku na mchana kwa siku kadhaa. Watafiti waliokuja kuichunguza kazi hii miaka ya 1990, akiwemo mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda, walikuta ufundi ambao sehemu nyingi za dunia hazikuujua: kuyeyusha chuma kwa hatua mbili, kila hatua na tanuru lake.

Sasa sikiliza kilichotoka kwenye ilungu baada ya siku zote hizo. Halikutoka jembe. Lilitoka bonge chafu, chuma kimeng'ang'aniana na yale mabaki meusi ambayo mpaka leo tunayaita mavi ya chuma. Fundi hakulia. Hakusema kipaji kimemwishia, wala hakuandika kwamba anapumzika sanaa hadi hapo atakapotangaza. Alilivunja bonge, akachagua vipande vyenye chuma, akavipeleka kwenye tanuru la pili, dogo, lililoitwa kintengwe. Hapo sasa ndipo mivukuto iliposhikwa na jasho likatoka, hadi chuma kikatakata na kufaa kufuliwa jembe, shoka au mkuki.

Wewe unataka jembe litoke kwenye ilungu. Ndiyo maana umekwama. Unaandika mstari mmoja wa wimbo, unausoma, unauona mbaya, unaufuta, unaandika mwingine, unaufuta, kisha unakwenda kutazama simu. Umewasha moto mara saba na kuuzima mara saba, halafu unashangaa hakuna chuma.

Fanya hivi. Chagua siku za ilungu na siku za kintengwe, na usizichanganye kamwe. Siku ya ilungu kazi yako ni kujaza tu. Andika kibwagizo kibovu. Chora ng'ombe mwenye miguu mitano. Ukikosa maneno ya mstari wa tatu, andika "na na na na" mahali pake uende kwenye wa nne. Ni marufuku kufuta, ni marufuku kumsomea mtu, na ni marufuku kujiuliza kama Diamond angeuimba. Siku ya kintengwe, kesho yake au wiki ijayo, usitunge kitu kipya hata kidogo. Vunja bonge. Kati ya mistari arobaini tafuta mitatu yenye chuma, uivukutie hadi iwe safi. Ile thelathini na saba iliyobaki haikuwa hasara, maana bila hiyo mitatu isingepatikana.

Na kingine cha kuwaiga mafundi wale: walipoyeyusha chuma waliweka kambi nje ya kijiji na kujitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Kwako wewe sikudai mambo makubwa kiasi hicho. Zima simu mpaka saa sita mchana. Kama hili ni gumu kwako kuliko lile la wahenga, basi tumeshaupata ugonjwa.

Mawe ya chuma, yaani cha kuandika, unayo mlangoni. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960, alikaa na wasimulizi wetu akawasikiliza, na mwaka 1978 kitabu kizima cha masimulizi yao kikachapishwa Oxford. Bibi yako anasimulia bure jioni jikoni, nawe unachungulia skrini kutafuta hadithi za Lagos. Nenda Kasanga, uliza wazee habari za meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927. Simama kwenye ukingo wa Kalambo, maji yanapoporomoka zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia. Shuka bonde la Ziwa Rukwa na gari la mnadani, ukiwa na daftari. Ukirudi ukaniambia huna cha kutunga, nitakunyang'anya daftari hilo nimpe mtoto wa darasa la nne.

Haya, umetunga. Sasa unataka sanaa ikulishe.

Usiache kazi. Narudia kwa ajili ya wale walioanza kuandika barua ya kujiuzulu: usiache kazi. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kuanzia mwaka 1926, miaka mingi akiwa idara ya forodha, na vitabu vyake aliviandika akiwa bado na mwajiri. George Lilanga, ambaye michoro na vinyago vyake vimezunguka dunia, aliingia Nyumba ya Sanaa pale Dar es Salaam akiwa mlinzi wa usiku. Kwa hiyo duka la pembejeo unalouzia, boda unayoendesha, darasa la tatu unalofundisha, hivyo vyote ndivyo vinavyonunua rangi. Viheshimu. Msanii mwenye unga ndani hutunga vizuri kuliko msanii anayedaiwa na mangi.

Wala usisubiri vifaa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vitu vya duka la vifaa vya ujenzi: vipande vya ubao na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile inayopakwa baiskeli. Hakuwa na turubai wala studio. Aliweka picha zake nje, Oysterbay, mahali ambapo wenye hela walipita kununua mahitaji yao. Zingatia hilo la mwisho kuliko hata la rangi. Aliipeleka kazi kwa wanunuzi.

Kwetu wanunuzi wako wapi? Nenda Mazwi umtazame mchora mabango akiwa kazini kwenye ukuta wa saluni. Kwanza anapaka uzi chaki, mtu anashika mwisho mmoja, unavutwa, unapigwa ukutani, pa! Mstari umenyooka. Ndipo anapochora herufi kwa penseli, tena nyepesi, huku akihesabu nafasi kwa vidole ili neno "WANAUME" lisije likaishia kwenye fremu ya mlango. Rangi ameichanganya kwenye kopo la maziwa, brashi ameipunguza nywele kwa wembe ili ichore kona. Akimaliza W ya kwanza anarudi nyuma hadi barabarani, bajaji inampigia honi, anaitazama, anarudi. Kuna watu wanaosema huyu si msanii, ni fundi tu. Wasikilize kisha uwaulize mara ya mwisho walilipwa lini kwa kazi ya mikono yao. Yeye alilipwa asubuhi, nusu, kabla hajafungua kopo.

Hiyo nusu ndiyo shule. Jifunze kutaja bei, tena ujifunzie kwenye kioo, maana kuna watu wanaoweza kutunga beti thelathini lakini wakiulizwa "shilingi ngapi?" wanatazama viatu. Mtihani wa mwisho ni ndugu. Mjomba anafungua duka la mbolea Katandala, anataka bango.

"Shikamoo mjomba. Kazi ni elfu themanini. Nikipata advansi ya arobaini naanza kesho."

"Hata mimi mjomba wako?"

"Hata wewe mjomba. Wewe mbolea yako shangazi anachukua bure?"

Atacheka, atalalamika, atasema watoto wa siku hizi, kisha atatoa thelathini na tano. Zipokee kwa mikono miwili na umwandikie risiti. Akitoa "hongera sana, una kipaji" peke yake, mshukuru vilevile, ufunge kopo.

Tena tumia kalenda ya hapa. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi mahindi, na hela ya mji huu inafuata shamba. Mvua inaponyesha, tangu Novemba hadi Aprili, kila mtu yuko kwenye tuta na mfukoni hamna kitu. Hapo usihangaike kubisha hodi, jifungie ujaze maghala yako: nyimbo, michoro, mashairi. Kuanzia Julai, mahindi yakishapokelewa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na malori yakielekea Tunduma, watu wanaezeka nyumba, wanafungua maduka, wanaoza mabinti. Toka ndani! Huo ndio mwezi wa bango, wa kwaya ya harusi, wa picha ya ukutani, wa shairi la ubarikio. Msanii anayeanza kutunga Julai na kutafuta wateja Februari anakaa njaa miezi kumi na miwili.

Kuhusu karatasi za serikali sitakuchosha, ila usizikimbie. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lipo kwa sheria ya mwaka 1984, na hakimiliki inalindwa na sheria ya mwaka 1999 iliyozaa COSOTA. Afisa utamaduni wa manispaa atakuelekeza namna ya kujisajili. Mtunzi wa kwaya, hapa nakulenga wewe hasa. Wimbo wako unatolewa kivuli parokia hadi parokia, ukifika Mpanda jina lako limeshakatika juu ya karatasi, na ukirudi Sumbawanga unaambiwa ni wa mtunzi asiyejulikana. Andika jina na mwaka chini ya kila ukurasa, kisha ukausajili. Nanyi vijana mnaofanya sanaa kwa kikundi, kumbukeni kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kikundi cha kuchonga au cha kushona batiki kina haki ya kuomba sawa na kikundi cha kufuga kuku.

Ukishaanza kupata wateja wawili kwa wiki, tafuta mwanafunzi. Tingatinga aliwafundisha ndugu na jamaa zake wachache. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, miaka 4 tu tangu aanze kuchora, brashi zilikuwa tayari mikononi mwa wengine, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo wake wakaunda chama chao cha ushirika. Chagua kijana anayekuja mapema na kuuliza maswali mengi. Mfundishe kupiga uzi wa chaki, mfundishe kusafisha brashi kabla rangi haijakauka, mfundishe siku za ilungu na siku za kintengwe. Na umlipe, hata elfu tano, jioni ileile ya siku ya kwanza, usimwambie anajifunza.