Fundi Asiyehitaji Alama

Hongera, fundi. Wengine, kabla ya kung'oa distributa kuukuu ya Corolla yenye injini ya 4K, huchukua chaki na kuweka alama pale rota ilipoelekea. Woga huo! Wewe uliichomoa kama unang'oa muhogo, kisha ukamgeukia kijana wako: "Hivi ilikuwa imekaaje vile?"

Pistoni namba moja hufika juu mara mbili distributa ikizunguka mara moja tu: mara ya kugandamiza, mara ya kutoa moshi. Kuziba tundu la plagi kwa kidole ili usikie upepo unaposukuma, hiyo waachie wanafunzi wa VETA. Stata ilipopigwa, kabureta ikapiga chafya ya moto karibu na nyusi zako, nawe ukatangaza bila kupepesa macho kwamba petroli ya siku hizi imechakachuliwa.

Sasa umeagiza koili mpya. Waya za plagi, ambazo injini hiyo inazitaka 1-3-4-2, umezipanga 1-2-3-4, kwa unadhifu ambao hata mwenye gari, huku akihesabu noti za koili, ameusifu.