Namna ya Kumtunza Mwandishi Angali Hai

Kwanza, mtafute. Ingia duka la vitabu uulizie riwaya ya Kiswahili. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kijana wa dukani aliniuliza, "Ya kidato cha ngapi, mama?" Usimkasirikie. Amezoea kuona riwaya ikinunuliwa kwa orodha ya mwalimu, ikasomwa kwa hofu ya mtihani, kisha ikarithiwa na mdogo mtu. Mjibu kwa upole: "Ya kusoma mwenyewe, mwanangu." Akishangaa, rudia.

Ukishakipata kitabu, angalia nani amekichapisha. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo yenye uhondo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Akapata Nobel mwaka 2021. Ndipo mwaka 2022 tukaisoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Miaka 28! Na hao Mkuki na Nyota ni nyumba ya uchapishaji iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, baada ya kuliongoza shirika la uchapishaji la Tanzania Publishing House (TPH) tangu mwaka 1972, mwaka ambao shirika hilo lilishiriki kukitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mchapishaji wa aina hii humlipa mhariri, humlipa msanifu wa jalada, humlipa mpiga chapa, na bado hajauza hata nakala moja. Vitabu vikilala stoo, mswada wa mwandishi anayefuata umelala navyo.

Kwa hiyo lipa. Rafiki akikuandikia WhatsApp, "nirushie pidiefu," mrushie jina la duka. Mrabaha wa mwandishi hutokana na nakala zilizouzwa, wala hakuna mfereji mwingine wa siri unaomletea unga.

Sasa unda kamati. Hapa sihitaji kumfundisha mtu, maana sisi kwa kuchanga hatujambo. Harusi ya binamu wa jirani ina mwenyekiti, mweka hazina, kadi za mchango na vikao vya kila Jumapili. Anayechelewesha ahadi hupigiwa simu mpaka aone haya. Kifanyieni kitabu vivyo hivyo. Kila mjumbe aahidi nakala mbili, moja yake na moja ya shule ya msingi iliyo karibu naye. Azimeni turubai na viti, chemsheni chai, mwiteni mwandishi anayeishi wilaya yenu, na nauli yake ilipwe kabla hajapanda basi. Mgeni rasmi apewe dakika tano, na awe amekisoma kitabu. Halafu mwandishi asome kurasa kumi kwa sauti, watu waulize maswali, bibi mmoja apinge mwisho wa hadithi. Hilo tayari ni tamasha la fasihi. Kule Nairobi, Yvonne Adhiambo Owuor ni miongoni mwa waliolianzisha lile la Macondo mwaka 2019, wakawakutanisha waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza na wenzao wa Kireno. Lenu linaweza kuanza chini ya mwembe.

Fuatilia na tuzo, lakini usiishie kwenye picha za washindi. Tuzo ya Mabati Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 2014, jambo lililonigusa zaidi ni kwamba miswada iliyoshinda iligeuka vitabu: riwaya ya Anna Samwel Manyanza, Penzi la Damu, ikatoka, na mashairi ya Mohammed Ghassani, N'na Kwetu, yakatoka pia. Vitabu hivyo vinashikika, na kwa kuwa vinashikika, vinunueni.

Halafu mwambie mwandishi ulivyokiona kitabu chake. Mwambie ukurasa uliokuliza na ule uliokuchosha. Tumezoea kuzimwaga sifa siku ya maziko, wakati mwenye kazi hasikii tena. Tafadhali, zitoe leo, na ununue nakala nyingine ya kumpa shemeji.

Mwisho, rudi dukani. Mimi nimerudi mara nyingi kwa yule kijana. Juzi hakuniuliza kidato. Aliinama chini ya meza, akatoa kitabu alichokifunga kwenye gazeti, akasema, "Hiki nilikuwekea, mama. Ila nimeanza kukisoma, nimefika sura ya tatu. Niachie mpaka Ijumaa."

Nikamwachia, nikalipa kabisa.