Safu ya Ushauri: Moto wa Maji ya Kuoga Ukae Wapi?

Mahali pa kupashia maji ya kuoga huamuliwa na mambo matano: duche ilipo, upepo unakotoka, paa lilivyoezekwa, nishati iliyopo, na mtu anayebeba ndoo. Katika parseli nyingi za Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, mambo hayo hayakuulizwa. Moto uliwashwa pale mafiga yalipokuwa tangu zamani, na maji yakaachiwa kazi ya kutafuta njia. Malalamiko ya wasomaji yanayotokana na hali hiyo ni yale yale, na hapa yamepangwa kama kazi yenyewe inavyokwenda: moto, njia ya ndoo, zamu za watu, mbabula ya chumbani, mitambo, na mwisho maji machafu.

Moshi Machoni, Kasongo

Huyu ana jiko la nje hatua nne kutoka dirisha la chumba cha wageni. Kila mgeni anayelala humo huaga siku moja kabla ya siku aliyopanga. Swali lake ni kama azibe dirisha au anunue pazia zito.

Kwa nyumba yenye wageni wasiojua kuondoka, jiko la namna hiyo liko mahali pake kabisa wala lisiguswe. Kwa nyumba nyingine, kinachohama ni moto. Moshi huchunguzwa saa ya kuoga yenyewe, yaani alfajiri na baada ya magharibi, kwa siku kadhaa mfululizo, kwa sababu upepo wa adhuhuri hauna habari na moshi wa alfajiri. Hewa ya usiku ikiwa baridi na imetulia, moshi haupandi. Hutambaa chini, kisha huingia kwa uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa, hata kama dirisha limefungwa. Pazia halizuii kitu.

Upande dhoruba zinakotokea hauhitaji uchunguzi mrefu. Ukuta wa matofali mabichi unaoliwa zaidi na mvua chini, karibu na msingi, ndio unaotazamana nazo. Moto wa maji hukaa upande wa pili wa nyumba, ili mvua za Septemba hadi Mei zisiuzime na upepo wake usipeperushe cheche. Kwa paa la nyasi, umbali ndio ulinzi wa kwanza: katika kiangazi cha Juni hadi Agosti nyasi hukauka hadi kuweza kushika moto kwa cheche moja tu. Parseli ikiwa ndogo, kibanda chembamba cha mabati kisicho na kuta kamili, chenye ukingo mfupi wa udongo kuzunguka mafiga pande tatu, huzuia upepo na kupunguza kuni.

Mchovu wa Ndoo, Kabambare

Duche yake, uzio wa nyasi wenye mawe chini, iko nyuma ya nyumba. Moto uko mbele, karibu na barabara. Maji huzungushwa nyumba nzima, husalimiana na majirani wawili, na hufika yakiwa vuguvugu. Mume anaulizia sababu ya ubaridi; anayebeba ameshindwa kuieleza bila kupandisha sauti.

Kosa liko kwenye mpangilio. Moto wa maji ya kuoga hufuata duche, si jiko la chakula. Moto wa pili, hata wa mawe matatu madogo, ukiwekwa hatua chache nje ya mlango wa duche, hufuta safari yote. Hauwekwi ndani ya uzio, kwa kuwa nyasi kavu na moto havikai chumba kimoja. Njia kati ya moto na mlango huwa tambarare, bila kizingiti, na isikatize uwanja wanaochezea watoto.

Pia si lazima ndoo nzima ipashwe. Maji ya baridi yakiwa na nyuzijoto 24, lita moja ya maji yanayochemka ikichanganywa na lita tatu za baridi hutoa takriban nyuzi 43, joto linalotosha kwa mwogaji anayependa moto, na linalohitaji kupozwa kidogo kwa mtoto. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 huhitaji sufuria ya lita 5 tu, na bido la baridi linaweza kungoja ndani ya duche. Sufuria hiyo hufunikwa, kwani mvuke unaotoroka ni kuni zinazotoroka.

Mpangilio wa kumimina nao una kanuni: baridi kwanza, moto baadaye. Ndoo iliyotangulizwa maji yanayochemka na kuachwa "kidogo tu" ndiyo inayowaunguza watoto. Maji ya nyuzi 60 huweza kumuunguza mtu mzima kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto huungua upesi zaidi.

Mafiga Mamoja, Vyungu Viwili, Kasongo

Mwenye nyumba ana wake wawili na moto mmoja wa maji uliowekwa katikati ya parseli kwa ajili ya haki. Kila alfajiri sufuria mbili hufika kwa wakati mmoja. Amejiondoa kwa kuoga maji baridi, akisema ni kwa ajili ya afya.

Katikati ya parseli ni mahali pa haki kwenye ramani, si kwenye saa. Moto wa pamoja hugombaniwa kwa sababu mahitaji yote huangukia saa moja: udhu wa alfajiri, watoto wa shule, na anayewahi soko. Suluhisho la kwanza ni mafiga mawili, kila moja karibu na duche ya nyumba yake. Pasipo nafasi, moto hutengwa kwa zamu na joto hugawanywa kwa kutumia usiku. Baada ya wali wa jioni kuepuliwa, au sombe iliyokaa motoni muda mrefu, makaa yaliyobaki hubebeshwa sufuria kubwa iliyofunikwa vizuri. Haitachemka, lakini alfajiri itahitaji kuni chache kuliko maji yaliyolala kisimani.

Ipo hali inayopita zamu zote: nyumba yenye mama aliyejifungua karibuni. Maji yake ya kukandwa hupashwa karibu na mlango wake, na wengine hungoja. Katika jambo hilo bibi wa nyumba hahitaji ushauri wa safu yoyote.

Baridi ya Julai, Kabambare

Huyu amepata ufumbuzi wake mwenyewe na anaomba kupongezwa. Usiku wa kiangazi huingiza mbabula ya makala chumbani, huweka sufuria juu yake, hufunga mlango na madirisha, na maji huwa tayari bila mtu kutoka nje.

Pongezi hazitatolewa. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Damu huipokea kwa urahisi zaidi kuliko oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, hulegea na kutapika; aliyelala huenda asiamke. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa sababu watu hudhani hatari ni moshi. Mbabula hukaa nje au chini ya kibaraza kilicho wazi, na huwashwa nje. Haiingizwi ndani hata "kwa dakika chache", wala haipelekwi ndani ya duche yenye kuta za matofali na mlango wa bati. Chumba kinachohitaji joto usiku hupewa blanketi.

Mwana wa Dubai, Kasongo

Kijana huyu ametumiwa kutoka Dubai hita ya umeme ya lita 30, yenye nguvu ya wati 1,500, na sasa anatafuta ukuta. Nyumba nyingi za hapa hazina waya wa SNEL, shirika la umeme la taifa. Ana paneli moja ya jua ya wati 300 na betri moja ya volti 12, saa-ampea 100. Baba mzazi ameshaiweka hita sebuleni, ambako inasifiwa.

Hesabu haina huruma. Kutoa lita 30 kutoka nyuzi 24 hadi 60 hutaka karibu kilowati-saa 1.25. Betri ile, ikikaushwa hadi tone la mwisho, ina kilowati-saa 1.2, na betri inayokaushwa namna hiyo mara kwa mara hufa mapema. Paneli yenyewe, kwa siku yenye saa nne za jua kamili, hutoa kiasi hicho hicho. Mwogaji mmoja atakuwa ameoga taa, simu na redio za nyumba nzima. Jenereta huweza kazi hiyo, lakini petroli iliyosafirishwa kwa barabara za Maniema ni kuni ghali mno.

Siku umeme wa kutosha ukifika, kanuni za mahali zitakuwa hizi: hita ikae karibu na duche, kwa sababu maji yote yaliyomo kwenye bomba refu hupoa kila yanaposimama, iwe juu ya ukuta wa matofali ya kuchoma au boriti, kwani lita 30 ni kilo 30 kabla ya kuhesabu chuma, iwe mbali na mahali maji yanaporuka, na iwe na waya wa ardhini. Hadi hapo, sebuleni ni mahali salama.

Pipa Juu ya Paa, Kabambare

Fundi amemshauri apandishe pipa jeusi la lita 200 juu ya mabati, jua lifanye kazi bure. Mke anauliza paa litasema nini.

Pipa lililojaa lina uzito unaozidi kilo 200, na kuta za matofali mabichi hazikujengwa kubeba mzigo huo katika kona moja. Jua lenyewe ni wazo jema, ila lishushwe chini. Mabido meusi ya lita 20 yakilazwa juu ya bati kuukuu, mahali pasipo kivuli, hupata joto la kuogea kufikia alasiri. Upande unaofaa ni wa kaskazini mwa nyumba. Kasongo na Kabambare ziko kusini mwa ikweta kwa digrii 4 na zaidi, na katika miezi ya Juni na Julai, ndipo maji ya moto yanapotakiwa zaidi, jua hupita upande wa kaskazini. Bido lililolazwa kusini mwa ukuta mrefu huishia kivulini.

Kasoro ya jua ni saa yake. Hutoa maji saa kumi alasiri, na wengi huyataka alfajiri. Bido likiingizwa kabla ya jua kutua na kuzikwa ndani ya sanduku lililojazwa makapi makavu ya mpunga, hupoa polepole. Halifiki asubuhi likiwa la moto, ila hupunguza kazi ya kuni. Maji hayo ni ya kuoga. Kupata joto juani hakuyafanyi kuwa salama kunywa.

Jirani wa Chini, Kasongo

Wa mwisho hana duche yenye matatizo. Matatizo yake ni duche ya jirani aliye juu ya mteremko. Kila asubuhi hupokea povu.

Duche inapohamishwa ili ikaribiane na moto, au moto unapoifuata, maji machafu huhama nayo, na hili ndilo husahaulika. Sehemu ya kuogea hukaa upande wa chini wa parseli, lakini ndani ya mpaka wake, na mfereji mfupi huishia kwenye shimo la mawe au shina la mgomba wa mwenye duche. Choo kikiwa karibu nayo, shimo lake liwe angalau mita 30 kutoka kisima. Mahali palipokidhi mafiga na kuchafua kisima hapakukidhi kitu, kwa sababu kesho maji ya kupasha yatatoka kwenye kisima hicho hicho. Jirani wa chini, kwa upande wake, anaruhusiwa kupanda migomba mpakani na kuvuna ndizi bila kushukuru.