Maombi ya Ithibati kwa Chuo Kikuu cha Vyuma

Kwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Mheshimiwa,

YAH: MAOMBI YA ITHIBATI KWA CHUO KIKUU CHA VYUMA, NGAMIANI, TANGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Baada ya salamu nyingi na taadhima inayostahili cheo chako, sisi tunaofanya mazoezi katika jimu moja ya mtaani hapa Ngamiani, ambayo kwa unyenyekevu wake haina hata kibao mlangoni, tunaleta mbele yako maombi ambayo kwa rai yetu yamechelewa mno. Tunafahamu kwamba Tume yako, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ndiyo yenye mamlaka ya kupima ni nani anayestahili kufundisha, afundishe nini, na kwa sifa zipi. Na kwa kuwa hatujui mahali pengine katika nchi hii panapofundishwa kwa wingi, kwa sauti kubwa na kwa yakini kama hapa petu, tunaona ni dhuluma kwa taifa kwamba mpaka leo jina la jimu yetu halimo katika orodha ya vyuo vinavyotambuliwa. Vyuo vingine hulia kwa uhaba wa wahadhiri. Kwetu kila mwanafunzi mmoja ana wahadhiri wanne, na wote wanne hawakuitwa na mtu.

Tukianza na majengo na vifaa, kama ilivyo desturi ya maombi ya namna hii, chuo chetu ni banda la mabati lililoegemea gereji, na gereji hiyo ndiyo mfadhili wetu mkuu, maana ekseli za malori yaliyokufa ndizo mitaimbo yetu, na uzito wenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Hapa tungependa mkaguzi wako, siku atakapotufikia, ainame alitazame kopo moja kwa makini. Ni kopo la lita 4. Na kwa kuwa lita moja ya zege haifiki kilo mbili na nusu, kopo zima halifiki kilo 10. Lakini ubavuni mwake pameandikwa kwa rangi nyekundu, kwa mkono usio na shaka, 20. Mwenzake wa upande wa pili fundi alilijaza saruji ikiwa imekwisha kumpungukia, basi limepelea vidole viwili kutoka mdomoni, na ndiyo sababu wahitimu wetu wa zamani hutambulikana barabarani kwa bega moja kuwa juu ya jingine. Mwalimu anayeinua makopo hayo mawili huhesabiwa kuwa ameinua kilo 40, na habari hiyo ikifika barabara ya kumi na mbili imekwisha kuwa kilo 80. Kitu kimoja tu hakikufanyiwa ubahili, nacho ni kioo, ambacho kinafunika ukuta mzima na hakijapata kukosa wasomaji.

Kuhusu sifa za wahadhiri, tunaomba Tume ituwie radhi kwa tofauti ndogo ya utaratibu: katika vyuo vyenu mhadhiri huulizwa shahada, kwetu huvua fulana. Kifua ndicho cheti, mkono ndio muhuri, na mshipa uliotokeza shingoni ndio saini ya mkuu wa chuo. Wala hatukatai kwamba kifua kile ni cha kweli. Tunachouliza, kwa adabu, ni kama mwenye kifua ajua kimetoka wapi. Kijana aliyerithi mabega mapana ya babu yake, akaanza kubeba vyuma angali na miaka kumi na saba, akala ugali na samaki kwa shibe nyumbani kwa mama yake, akalala usingizi mwema, na kwa miaka mitano asikose zamu yake, huvimba kwa sababu zote hizo zikishirikiana. Lakini ukimwuliza siri yake hakutajii babu, wala mama, wala usingizi, bali hukutajia namna anavyokunja kidole gumba anaposhika chuma, maana katika sababu zote hiyo ndiyo pekee aliyoivumbua mwenyewe. Na kwa kuwa dalili ya elimu yake imo mwilini mwake, anayembishia huambiwa aonyeshe mwili wake, na mjadala hukatwa kwa futi ya fundi cherehani.

Ili Tume ione jinsi mafunzo yanavyotolewa, tutasimulia mhadhara mmoja tu. Mzee mmoja, karani mstaafu, aliyeagizwa na daktari wake afanye mazoezi kwa ajili ya maradhi ya sukari, alijilaza katika benchi, akamwambia kijana aliyekuwa karibu, "Nishikie, mwanangu." Kijana akasimama kichwani pake kwa heshima zote, na chuma kilipoanza kushuka akasema, "Mzee wangu, hapo unakosea; shusha mpaka kifuani." Papo hapo akatokea mwingine, mwenye mkono mnene zaidi, akasema, "Usimsikilize, mzee wangu, ukishusha mpaka kifuani utaua bega, ishia katikati." Wakaanza kuhojiana. Wa kwanza akataja bingwa aliyemwona katika simu, wa pili akataja bega la shemeji yake. Wa kwanza akamshika mwenzake mkono ili amwonyeshe pembe iliyo sahihi, na katika maonyesho hayo mikono yote minne ikawa mbali na chuma. Mzee, ambaye hoja za pande zote mbili zilikuwa zimesimama juu ya koo lake zikitetemeka, akasema kwa sauti ndogo, "Wanangu, kiondoeni kwanza, kisha nitawasikiliza." Wakakiondoa, wakampigia makofi, wakamwambia kwa bashasha, "Umeona, mzee? Ilikuwa yako yote hiyo!"

Kitivo cha Lishe hakihitaji utetezi, maana kina msingi mmoja usiotikisika, nao ni yai bichi. Mwanafunzi mpya huamriwa avunje mayai sita alfajiri, ayamimine katika bilauri, ayameze akiwa amefumba macho, kwa hoja kwamba moto huua nguvu. Kwa bahati mbaya wachunguzi wa Ubelgiji walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 1998, wakaona kwamba protini ya yai lililopikwa hutumika mwilini kwa kadiri ya sehemu tisa katika kumi, na ile ya yai bichi kwa kadiri ya nusu tu. Maana yake ni kwamba mtu amezaye mayai sita mabichi hupata faida isiyofikia ya mayai matatu na nusu yaliyochemshwa, na pamoja na hasara hiyo hujiweka katika hatari ya vijidudu vya kuharisha, ambavyo moto ungaliviua. Wakati huo huo dagaa, maharage na karanga, vinavyouzwa kwa bei nafuu hatua chache kutoka mlangoni petu, havitajwi katika mtaala, kwa kuwa vinajulikana na kila mtu, na hakuna profesa awezaye kupata heshima kwa kumwagiza mwanafunzi ale maharage. Kitivo hicho hicho ndicho kinachowafunga wanene nailoni tumboni na kuwakimbiza juani katika joto la Tanga, kisha kuwapima na kushangilia upungufu wa kilo mbili, ambazo ni maji matupu na hurudi jioni kutoka mtungini.

Ama Kitivo cha Tiba, Mheshimiwa, hapo ndipo tunapoomba usikivu wako kwa namna ya pekee. Tunaarifiwa kwamba kijana atakaye kuwa daktari katika nchi hii hukaa chuoni miaka mitano, kisha hutumikia hospitalini mwaka mzima chini ya uangalizi, ndipo aaminiwe na sindano. Kwetu tumeufupisha muda huo kwa kadiri kubwa, na tabibu wetu huhitimu siku ile anapopata mtu wa kumletea mzigo. Mwenye kiwiko kinachouma huambiwa, "Ikiuma ujue inaingia." Mwenye mgongo uliotenguka huongezewa kopo. Na mwenye haraka ya kuvimba huitwa nyuma ya banda, akaonyeshwa vidonge na vichupa ambavyo maandishi yake ni ya lugha isiyojulikana na mwuzaji wala mnunuzi.

Dawa hizi zina nasaba inayofahamika. Mwaka 1958 kampuni ya Ciba ilitoa katika soko la Marekani vidonge vilivyoitwa Dianabol, na daktari mmoja wa Maryland, John Ziegler, akawapa wanyanyua uzito wa klabu ya York, huko Pennsylvania, kwa kipimo kidogo. Haukupita muda mrefu wagonjwa hao wasio na ugonjwa wakakata shauri wenyewe kwamba, kama kidonge kimoja chafaa, vingi vitafaa zaidi, na tabibu yule akaja kuijutia kazi yake. Hayo ndiyo maarifa tuliyoyarithi, bila ya majuto. Misuli kweli huongezeka. Lakini pamoja nayo shinikizo la damu hupanda, moyo hutanuka, ini huelemewa, matiti huota katika kifua cha mwanamume, na kile kiwanda cha uzazi alichopewa na Mola, kikiona kazi yake imechukuliwa na mgeni, hupunguza uzalishaji na kusinyaa. Hivyo kijana aliyeingia nyuma ya banda akitafuta urijali hutoka akiwa amevaa sura yake kwa nje na kuupungukia kwa ndani, na wa kwanza kujua habari hiyo huwa ni mkewe.

Wanawake wachache wanaothubutu kuingia kwetu hupewa mhadhara wa peke yao, nao ni kwamba wasiguse vyuma vizito wasije wakageuka wanaume. Si neno kwamba wanawake wamekuwa wakinyanyua uzito katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya Sydney mwaka 2000, wala si neno kwamba homoni inayojenga misuli mikubwa ni haba mno katika miili yao ikilinganishwa na ya wanaume. Kinachotustaajabisha ni imani ya mhadhiri mwenyewe: ana miaka mingi akiitafuta misuli hiyo kwa udi na uvumba na bado hajaipata, naye ana yakini kwamba mwanamke ataipata kwa wiki mbili, bila ya kuitaka.

Kitivo cha Miguu tumekifunga kwa kukosa wanafunzi, kwa sababu miguu haionekani vizuri kiooni, na suruali huisitiri.

Imebaki Kitivo cha Adabu, ambacho, kwa masikitiko, hakina mwalimu hata mmoja kati ya wote tuliowataja. Anayejua pembe ya kiwiko hajui kurudisha kopo mahali alipolitoa, akaliacha njiani limvunje mwenzake kidole cha mguu. Anayejua siri ya kifua hajui kwamba jasho lake, aliloliacha benchini kwa umbo kamili la mgongo wake, si wakfu kwa atakayemfuata. Yupo akaaye juu ya benchi la pekee na simu yake tangu alasiri mpaka magharibi, na ukimwuliza kama amemaliza hukujibu, "Bado seti moja, kaka." Yupo aangushaye chuma kwa kishindo na ngurumo hata mtoto wa jirani akaamka akilia, kisha akatazama kushoto na kulia kuona kama kishindo kimepata mashahidi. Mambo haya yote yangaliweza kufundishwa na mtu yeyote, kwa maneno machache, bila ya kuvua fulana. Na labda ndiyo sababu hayafundishwi.

Hatuna budi pia, kwa uaminifu, kukiri kasoro moja katika safu yetu. Yuko mchukuzi wa bandarini ambaye huja kila baada ya kazi, na anayenyanyua kuliko maprofesa wote, hufanya yake kimya, hupangusa benchi kwa kanga kuukuu, hurudisha makopo kwa mpango, na akiulizwa jambo asilolijua husema, "Hilo kamuulize daktari." Tunatambua kwamba kwa maneno hayo amejivua sifa ya uhadhiri, na tunaahidi kwamba hatatajwa katika orodha ya walimu.

Kwa hoja hizo, Mheshimiwa, tunaomba Tume itupe ithibati, ili watu wetu wafundishe kwa haki na wawajibike kisheria kwa kila bega, kila ini na kila kidole cha mguu. Na ikiwa Tume itaona kwamba hatustahili, basi tunaomba jambo lililo dogo zaidi, nalo ni barua ya kukataa, yenye muhuri na herufi kubwa, isemayo kwamba asiyeulizwa asifundishe, mgonjwa apelekwe hospitali, aliyetoa kopo alirudishe, na aliyemwaga jasho alifute. Barua hiyo tutaibandika katikati ya kioo, mahali ambapo tuna hakika itasomwa na wote.

Wasalaam, nami ni wako mtiifu,
kwa niaba ya walio chini ya chuma,
Ngamiani, Tanga.