Ombi la Kumpatia Dalali Kiti, Meza na Muhuri

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Mtumba, Dodoma.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, katika msururu wa watu wanaomhudumia Mtanzania anayenunua nyumba, karibu kila mmoja serikali imemtambua. Mpima ardhi ana baraza lake. Mtaalamu wa mipango miji ana bodi yake. Mthamini alitungiwa sheria mwaka 2016, na wakili asipohuisha leseni yake haruhusiwi kugusa mkataba wa mtu. Aliyesahaulika ni dalali, ambaye ndiye anayejua nyumba ipi inauzwa, mwenyewe anaishi wapi, anauza kwa shida gani na shemeji yupi hajaridhia. Hao wengine wote huitwa mambo yakishaiva. Naandika kuomba dhuluma hii iondolewe: dalali apewe kiti, meza na muhuri ndani ya ofisi za ardhi, kwa kuwa sehemu ya kazi ya wizara yako anaifanya tayari, tena bila posho ya safari.

Ushahidi wa ombi hili uko ukutani. Ukipita mitaa ya Dar es Salaam utaona nyumba zilizoandikwa kwa rangi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Pengine wameongeza: OGOPA MATAPELI. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeweka miongoni mwa misingi yake utawala wa ardhi wenye ufanisi, nafuu na uwazi, lakini mwenye nyumba, alipotaka kuutangazia ulimwengu kwamba mali ni yake, hakutuma mtu kwa Msajili wa Hati. Alinunua kopo la rangi na brashi. Nadhani alifanya hesabu zake vizuri. Daftari la msajili liko wazi kwa yeyote anayelipa ada, hilo ni kweli, ila linazungumzia nyumba iliyosajiliwa tu. Na sehemu kubwa ya jiji, kuanzia Manzese na Tandale hadi Mbagala, ilijengwa kabla mpima hajafika. Huko mnunuzi hupewa karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe, yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na mitaa mingine mwenyekiti naye hutarajia asilimia yake. Au huonyeshwa leseni ya makazi, ambayo ina muda mfupi na si hati, ingawa katika matangazo hupewa heshima ileile: "ina nyaraka zote, haina mgogoro, bei maongezi yapo." Pale daftari linaponyamaza, dalali ndiye anayesema.

Sasa je, asikilizwe? Tufanye hesabu. Tuseme nyumba ya Kimara imetangazwa kwa shilingi milioni 120 na dalali ameahidiwa asilimia 5. Ikinunuliwa kwa bei hiyo anapata milioni 6. Mnunuzi akikaza mpaka ikashuka hadi milioni 110, dalali anapata milioni 5 na nusu. Mnunuzi ameokoa milioni 10. Dalali amepoteza laki 5, na hakuna mwenye akili atakayehatarisha milioni 5 na nusu kwa ajili ya laki 5. Ndiyo maana asubuhi humnong'oneza mwenye nyumba kwamba soko limelala, na jioni humnong'oneza mnunuzi kwamba kuna mteja anakuja kesho na fedha taslimu. Hamchukii yeyote kati yao. Halipwi kwa bei kuwa ya haki wala kwa hati kuwa halali. Analipwa biashara ikifungwa, na ikiwezekana leo. Hali hubadilika pale anapoweka cha juu. Mwenye nyumba anataka milioni 100, yeye anatangaza 120, na hapo tofauti yote ni yake. Dalali wa namna hii atakuonyesha sebule, choo na kisima, lakini mwenye nyumba hutamwona mpaka siku ya kusaini, na ukimwona utaombwa usizungumze bei. Kama nyumba imepita mikononi mwa madalali watatu kabla ya kukufikia, kila mmoja ameongeza chake, na bei unayotajiwa haina uhusiano tena na matofali.

Najua kuna watakaosema dawa ni kumwacha dalali kabisa na kwenda moja kwa moja kwa mwenye mali. Ushauri mzuri, ila huyo mwenye mali utamjuaje? Matangazo mengi ya simuni yanayodai kutoka kwa mwenye nyumba yamewekwa na dalali. Na anayejitokeza bila dalali anaweza kuwa mtoto mmoja kati ya warithi saba, au mume anayeuza wakati mke yuko safarini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Dalali wa mtaa huo anajua mke yuko wapi. Swali ni kama atakwambia kabla hajalipwa. Kwa hiyo kwa mnunuzi wa kawaida jibu langu ni hili: dalali atumike kuitafuta nyumba, asitumike kuithibitisha. Kupekua daftari, kuita ndugu, kusoma mkataba, hayo alipwe mtu ambaye ujira wake haupungui akisema "usinunue". Anayenunua kwa mwendelezaji, au nyumba mpya ya Shirika la Nyumba la Taifa, hana hata haja ya huyo mtafutaji, kwani ofisi ya mauzo inajulikana ilipo.

Wataalamu wako watashauri suala hili limalizwe kwa kutunga sheria. Kenya wanayo tangu mwaka 1984, yenye bodi ya kusajili mawakala wa nyumba na adhabu kwa anayefanya kazi hiyo bila kusajiliwa, na bado mabroka wamejaa Nairobi. Sheria hiyo si bure: humpa aliyetapeliwa mahali pa kushtaki na humpa wakala mwaminifu kitu cha kupoteza. Lakini cheti ukutani hakitamwambia mnunuzi kama nyumba iko rehani benki. Ukimsajili dalali huku daftari likibaki kama lilivyo, utakuwa umepata dalali yuleyule, amevaa tai.

Kuna pingamizi moja ambalo nalikubali, nalo linanipinga mimi mwenyewe: mtu anayelipwa nyumba ikiuzwa hafai kukabidhiwa muhuri wa kuthibitisha kwamba inauzika. Ni mgongano wa maslahi ulio dhahiri. Nimelitafakari nikaona, Mheshimiwa, kwamba muhuri huo anao tayari. Kinachokosekana ni wino wa serikali tu. Wanaomwamini hawamwamini kwa sababu ni mwaminifu. Wanamwamini kwa sababu hupokea simu hata Jumapili.

Endapo bajeti ya mwaka huu haina fungu la kiti wala meza, nipo tayari kupokea mbadala ulio nafuu zaidi: mnunuzi aandike namba ya kiwanja kwenye simu yake, alipe ada, na kabla chai haijapoa aelezwe ni cha nani, kama kina rehani, na kama kuna zuio, na kwa kiwanja ambacho hakimo daftarini, aambiwe wazi kwamba hakimo, ili ajue anachonunua ni neno la watu. Hilo likifanyika nitaliondoa ombi hili mara moja, na dalali atabaki na kazi anayoijua vizuri, ya kutuzungusha mitaani kutazama nyumba.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mnunuzi Mtarajiwa

Nakala: Msajili wa Hati, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Dalali (ameshaisoma).