Kwa Mamlaka Husika: taarifa ya utekelezaji kutoka Ngamiani

Mamlaka Husika,
Popote ilipo.

YAH: KUBANA MATUMIZI NA KUJIKINGA NA HATARI MAJUMBANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Gari lako la matangazo lilikatiza Ngamiani, barabara zote zenye namba, likitutaka tufunge mabomba, tuzime taa na tusilale na jiko la mkaa ndani. Tumetii. Wapangaji wenzangu wameniteua nikuletee taarifa.

Tuanze na maji. Ya kukoshea vyombo tunamwagilia mchicha, ya kufulia tunamwaga chooni. Mtoto akiacha koki wazi anafokewa na vyumba sita kwa zamu. Hapo pembeni, bomba lililopasuka kabla ya Ramadhani bado linatiririka usiku na mchana, nasi hatuligusi maana ni mali ya umma. Bata wa jirani wameshahamia. Maji hayo, Mheshimiwa, yameteremka Usambara kwa mto Zigi, yakatuama bwawa la Mabayani, yakatiwa dawa, yakasukumwa kwa pampu za umeme mpaka mjini, ili bata waogelee. Na pale Chongoleani, ng'ambo tu ya ghuba, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, lililoundwa lipashwe moto njia nzima mafuta yasigande, tena lenye mitambo ya kugundua likivuja. Wazee wa barazani wanashauri tumwage vijiko viwili vya mafuta pale pembeni, huenda fundi akafika kabla ya adhuhuri.

Sasa umeme. Nyumba yetu ya Kiswahili ina mita moja ya LUKU na nyaya zilizotandazwa enzi za balbu na redio. Leo nyaya hizo hizo zinabeba friji mbili, feni, pasi, birika na televisheni, kwa ekstensheni zilizochomekwa moja ndani ya nyingine koridoni. Swichi kuu ilikuwa ikijizima kila jioni. Kazi yake ni hiyo, kujizima nyaya zikilemewa, lakini ilitukatia tamthilia. Fundi wa mtaani akaiponya kwa kipande cha waya na sasa haijizimi kabisa. Kuhusu kubana matumizi hatuna deni: anayepiga pasi anasutwa na nyumba nzima. Taa za barabarani ndizo hazikulisikia gari lako. Zinawaka saa sita mchana, usiku zinapumzika.

Mkaa ndio mgumu. Tumesikia kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, nasi mtungi tunao, umekaa sebuleni umevishwa kitambaa. Gesi inashushwa bandari yetu hii hii ya Tanga, ila mtungi hujazwa kwa mkupuo, na kibarua hulipwa kwa siku. Mkaa wa shilingi 1,000 unapatikana hata saa nne usiku. Masika ikipiga, uani hapapikiki. Jiko linaingia ndani, madirisha yanafungwa kwa sababu ya mbu, na sumu ya mkaa haina harufu ya kumwamsha aliyelala. Tangazo lako lilisema tusilale na jiko. Halikusema tupikie wapi.

Namba ya zimamoto, 114, tumeiandika ukutani kwa chaki. Lile bomba la pembeni tumeliweka kuwa akiba ya kuzimia moto, kwa hiyo ukitaka kuliziba tupe taarifa mapema.

Tunaomba fundi bomba mwenye spana. Tunaomba pia mkaguzi wa nyaya, ila aende kwa mwenye nyumba, maana sisi tukimgusia nyaya anatukumbusha kodi. Gari la matangazo lipumzike kidogo, dizeli yake inunue viungio vya mabomba.

Na wewe utakayeifungua barua hii ukaona haikuhusu, tafadhali usiipeleke kwa mamlaka husika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji wa chumba cha uani, Ngamiani, Tanga.