Mwongozo kwa Kijana Anayetaka Kuoa Nesi wa Zahanati

Umemwona siku ya kliniki. Ulikwenda kupima malaria, ukamkuta ananing'iniza mtoto wa watu kwenye mzani huku akimsuta mama yake kwa kuchelewesha chanjo, na mama anacheka badala ya kununa. Homa ikakuisha kabla ya kipimo. Hayo hutokea. Sisi waume wa manesi wa vijijini hatuna chama wala katiba, ila tukikutana mnadani tunatambuana kwa salamu: hatuulizani habari za nyumbani, tunaulizana nani kapika.

Haya nayaandika kabla hujamtuma mshenga. Mifano yangu ni ya kwetu Usukumani, upande wa Sengerema, lakini wenzangu wa Kilwa, Mbulu na Ludewa wanasema mambo ni yale yale, chakula tu ndicho tofauti.

Kwanza, usidhani utaposa kwa wazazi wake. Wazazi wake ni watu wepesi, wanataka ng'ombe na adabu. Mwenye binti hasa ni kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji atakuuliza kama una mpango wa kumhamisha, na atakuuliza mbele ya watu. Sema hapana, useme kwa sauti. Bibi mkunga wa jadi, ambaye zamani alikuwa mpinzani wa zahanati na sasa ndiye anayewasindikiza wajawazito kufika huko, atakukagua mikono kuona kama umewahi kushika jembe. Vumilia. Huyo ndiye mkwe wako mkuu.

Baada ya ndoa utapoteza jina. Utakuwa "shemeji" wa kila mtu, kuanzia mzee mwenye mvi hadi kijana wa bodaboda. Faida yake ni kwamba hukosi usafiri. Hasara ni kwamba utaonyeshwa vipele. "Shemeji, hiki ni nini?" Mimi ni mwalimu wa hesabu, lakini watu wameshavua mashati mbele yangu kwenye mstari wa kusubiri mashine ya kusaga. Usijibu. Ukisikia habari za dawa mseto kila jioni mezani utaanza kujiona nusu tabibu, na hapo ndipo hatari ilipo. Sema, "Nenda zahanati." Ataenda, na atamwambia mkeo kwamba ametumwa na wewe.

Kuhusu usiku

Nyumba ya mtumishi imejengwa hatua chache tu kutoka leba. Aliyechora ramani hiyo alijua anachofanya. Mlango utagongwa, kwa hiyo jifunze kuusoma. Kidole kinachogonga polepole kikifuatiwa na "hodi" ndefu ni mtoto mwenye homa tangu juzi, wazazi wamengoja mpaka usiku ili wasiache palizi. Ngumi isiyo na salamu ni uchungu. Pikipiki iliyoachwa ikinguruma nje bila mtu kugonga maana yake mtoto ameshaanza kutoka, na dereva amekimbia.

Kazi zako ni tatu: tochi, chai, na kumshika baba mtarajiwa asiingie ndani wala asikimbilie kilabuni. Usiposikia kitu kwa muda mrefu, usiende kuchungulia. Ukisikia kilio cha kichanga, usiharakishe kumtengea mkeo maji ya kuoga ukidhani anarudi. Ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kutoka, mama anatakiwa kuchomwa oksitosini vitengo 10 ili damu isimwagike. Kondo la nyuma linasubiriwa. Mtoto anapewa alama za hali yake dakika ya 1 na tena dakika ya 5, anafutwa, anawekwa kifuani. Kisha kuna kitabu cha MTUHA namba 12, cha kuandikisha uzazi, ambacho kina safu nyingi kuliko shamba la mpunga, na kila safu lazima ijazwe. Halafu mama huyo anatakiwa kuangaliwa saa 24. Kwa hiyo maji yatapoa, nawe utakwenda shule ukiwa umelala upande mmoja.

Upo na usiku wa aina nyingine. Chati ya patografu inaonyesha uchungu hausogei, au damu haikati. Hapo mkeo atapiga 115. Huo ni mpango wa m-mama, ulioanza kujaribiwa huku kwetu Sengerema na kule Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Simu ni ya bure. Anayepokea hupanga gari la wagonjwa, na likikosekana huitwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, ambaye atalipwa nauli yake. Kabla ya hapo mpango wa dharura ulikuwa ni wewe, mume, ukiwa na kandambili, unakwenda kumwamsha mwenye pikapu na kumbembeleza kuhusu mafuta. Na rufaa ikiwa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, mgonjwa alifika Busisi akangoja kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa mwaka 2025. Watu wa mjini waliliona kwenye taarifa ya habari wakasifu nguzo zake. Wake zetu walilitazama wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na sura ya mtu kichwani.

Akirudi kutoka usiku kama huo akisema "amefika", lala. Asiposema neno, usiulize. Pasha maji, kaa naye, na kesho yake usiruhusu mtu amwambie kwamba ni mapenzi ya Mungu mpaka aseme mwenyewe.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wataalamu wanazo sababu zao, na ni za kweli: vituo vya upasuaji, dawa, usafiri. Mimi naongeza moja ambayo sijaiona kwenye ripoti, nayo ni chai ya saa tisa usiku.

Friji, na pikipiki ambayo kwa hati ni yako

Katika maisha yako utaona friji moja iliyo karibu, inayofanya kazi, na ambayo hutaruhusiwa kuweka soda. Ni ya chanjo. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na mkeo ataisoma asubuhi na jioni, Krismasi na Idi, hata siku ya harusi ya mdogo wako. Sola ikigoma, chanjo zitapakiwa kwenye kibebeo chenye barafu na kupelekwa kituo cha afya. Zitapelekwa na nani? Ona kichwa cha habari cha sehemu hii.

Utajifunza pia hesabu ya kichupa. Chanjo ya BCG huja katika kichupa cha watoto wengi, na kikishachanganywa hakitumiki baada ya saa 6. Sasa mama mmoja ametembea tangu alfajiri na kichanga chake, na yuko peke yake. Nesi atamtazama mama, atakitazama kichupa, kisha atakutazama wewe. Utapanda pikipiki, utazunguka vitongoji ukiuliza nani kajifungua wiki hii. Ukirudi na watoto wawili utapongezwa. Ukirudi mikono mitupu atakifungua hivyo hivyo, kwa sababu mama yule hatarudi kesho, na mwisho wa mwezi atakaa kujieleza dozi zimekwenda wapi.

Siku ya huduma ya mkoba, pikipiki inakwenda bila kuuliza. Mafuta utaweka wewe. Posho italetwa.

Kujitolea

Hapa ndipo vijana wengi wanapopotelea. Wanajiandaa kwa ajili ya kazi ya mshahara, wanasahau kwamba kazi ya mshahara angalau ina kuripoti na kutoka. Jumamosi yake ya mapumziko ataitumia shule ya msingi, anawafundisha wasichana habari za hedhi na kushona taulo za kitambaa zinazofulika. Jumapili yuko kwaya, na kwaya ikimaliza kikao cha VICOBA kinaanza, yeye akiwa mweka hazina kwa sababu ndiye pekee ambaye kila upande unamwamini na hela. Timu ya damu salama ikija, atahamasisha, atatoa ya kwake kwanza, kisha atakutazama wewe. Kwenye msiba hakai jikoni wala mkekani. Yuko chumbani na mfiwa, na kipimo cha presha kwenye mkoba.

Usimwambie apumzike. Mume akilalamika kwamba vikao ni virefu, hupewa ukatibu.

Halafu kuna wale vijana wanaojitolea zahanati. Wamemaliza chuo cha uuguzi, wana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, wanasubiri ajira. Wanapewa barua ya kujitolea na wanafanya kazi kama wengine: wanachoma sindano, wanazalisha, wanalala zamu. Mshahara hakuna. Wanakula kwako, na sahani zao ni lazima zihesabiwe tangu unga unapopimwa. Hapa utani unanikauka. Tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, manesi hukusanywa, mishumaa huwashwa, na mgeni rasmi huzungumzia wito kwa kirefu. Sijawahi kusikia mgeni rasmi akiambiwa kwamba ubunge ni wito, kwa hiyo ajitolee hadi bajeti ijayo.

Lakini usije ukadhani familia itapata makombo. Hilo ndilo linalotushangaza wote. Atasuka nywele za binti yako huku anasinzia ameketi, na mistari itanyooka. Ada ya wadogo zake itatoka, na ya wadogo zako pia. Atalea wapwa bila kuhesabu ni wa upande upi. Mama yako, aliyekuwa na mchumba mwingine moyoni kwa ajili yako, atahamia kwenu akisema anakuja wiki moja. Atanywa dawa zake za shinikizo kwa saa, na mnadani atasema "mwanangu nesi" bila kukutaja. Watoto wenu watawauliza wageni, kabla hata hawajakaa, kama walimaliza dozi.

Malipo yapo, ya aina yake. Hela ya shukrani hapokei, na ukipokea kwa niaba yake utairudisha kwa miguu. Lakini utaamka ukute kuku amefungwa mlangoni, hana maelezo. Huyo haliwi mpaka mwenyewe ajulikane, kwa sababu huenda ni mtu ambaye bado ana mgonjwa ndani, na zawadi ya namna hiyo ni marufuku. Kwa hiyo mtaishi na kuku wa watu wakiwika usiku kucha, usiku ule mmoja ambao mlango haukugongwa. Michembe na mchele ni rahisi zaidi, vinakwenda kwa wanaojitolea. Vilevile, ukimwita mkeo kwa jina sokoni, wataitika wasichana wa rika zote kabla yake, maana wamepewa jina la aliyewapokea. Jina langu halijapewa mtoto yeyote, na mimi ndiye nilishika tochi.

Kama umesoma mpaka hapa na bado unamtaka, tuma mshenga. Asiende Jumanne, ni kliniki ya wajawazito. Aende na kikoi cha ziada, huenda akalala akisubiri bibi harusi atoke leba. Nawe anza kujifunza kupika ugali usio na mabuja, na ununue tochi ya kuchaji, siyo ya betri.

Na endapo karatasi hii itafika mezani kwa mkurugenzi wa halmashauri: kwenye ikama ya zahanati yetu nafasi ya muuguzi wa pili iko wazi. Kijana anayejitolea ana sifa zote na anaijua kazi. Chumba cha kulala tumeshamjengea, kwa michango yetu. Kilichobaki ni barua ya ajira.